Froome: kipaji chake mwenyewe au timu ndiyo iliyombeba?

#1 KonaHamsiniNaSaba
Wakuu, salaam.

Kila Julai tukikusanyika Mwanjelwa kuangalia Tour de France, yale mashindano ya baiskeli ya wiki tatu, ubishi unaishia palepale: Chris Froome. Vijana walioanza kufuatilia enzi hizi za Pogačar wanamjua kama mzee anayefika na kundi la mwisho. Sisi tuliomwona 2013 tunamjua mtu mwingine kabisa.

Hoja yangu ni hii, anayeweza aipangue: Froome ndiye mpanda baiskeli mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliokulia ukanda wetu huu, na angeshinda Tour hata akiwa kwenye timu ya kawaida. Habari za "timu yake ya Sky ndiyo ilimbeba" zinasemwa na watu wanaoangalia dakika tano za mwisho tu.

Karibuni.

#2 TukuyuMvua
Ugonile mkuu. Jamaa ana Tour tano kabatini, ubishi wa nini tena?

#3 DadaWaMufindi
#2 ni nne. 2013, 2015, 2016 na 2017. Tano wanazo Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain, basi. Mwaka 2014 Froome aliingia akiwa bingwa mtetezi, akaanguka mara kadhaa ndani ya siku mbili, na siku ya tano akapanda gari la timu kabla hata hajafika kwenye zile barabara za mawe.

Ila ongeza Vuelta (ya Hispania) mbili, 2011 na 2017, na Giro (ya Italia) ya 2018. Ile ya 2011 alikabidhiwa miaka minane baadaye, 2019, baada ya mshindi, Juan José Cobo, kunyang'anywa. Na kuna kipindi alikuwa anashikilia mashindano makubwa yote matatu kwa wakati mmoja: Tour na Vuelta za 2017, halafu Giro ya 2018. Waliowahi kufanya hivyo kabla yake ni Merckx na Hinault tu.

#4 Mkinga_Makete
Dada kaweka rekodi vizuri, sasa tuzungumze namna zilivyopatikana.

Sky walikuwa timu tajiri kuliko zote wakati ule. Angalia majina waliompangia mlimani: Richie Porte, Geraint Thomas, Wout Poels, Mikel Landa, Michał Kwiatkowski. Kila mmoja hapo angekuwa nahodha timu nyingine. Kazi yao ilikuwa moja tu, kuweka mwendo mkali toka chini ya mlima ili asipatikane mtu mwenye pumzi ya kuchomoka. Mmoja anavuta mpaka anakufa miguu, anakaa pembeni, anayefuata anachukua. Wakibaki kilomita nne za mwisho, Froome bado hajakutana na upepo hata mara moja.

Mpe mpinzani wake Nairo Quintana wasaidizi wale 2015 uone. Alipitwa dakika moja na sekunde 12 tu kwa wiki tatu nzima. Anayeweza kununua wasaidizi anashinda, hii ni biashara.

#5 TukuyuMvua
Mkinga lazima aione biashara hata kwenye jezi ya njano ya anayeongoza Tour 😂

#6 KonaHamsiniNaSaba
#4 nimekusubiri hapohapo.

Tour ya 2013, hatua ya nane, Froome kashinda kule Ax 3 Domaines, Porte wa pili, kila mtu akasema mashindano yameisha. Kesho yake, hatua ya tisa, milima mitano, timu pinzani zikashambulia toka asubuhi. Sky wakasambaratika. Porte kaachwa, Thomas alikuwa anaendesha na ufa kwenye nyonga, wengine wako nyuma huko. Froome akabaki peke yake, amezungukwa na Movistar, timu ya Quintana, Quintana anamjaribu mara hii, mara ile. Na kila Quintana alipotoka, jamaa alimfuata yeye mwenyewe. Wakaingia Bagnères-de-Bigorre pamoja, jezi ya njano bado mgongoni.

Siku ile hakuna pesa iliyomsaidia. Niambie nani alimbeba.

#7 Mkinga_Makete
Siku moja kati ya 21.

Na hiyohiyo 2013, Alpe d'Huez, njaa ilimkamata karibu na kilele mpaka Porte akarudi kwenye gari kumchukulia chakula. Wakapigwa adhabu ya sekunde 20 kila mmoja kwa kupokea chakula mahali pasiporuhusiwa. Bila Porte angefia pale.

#8 MwalimuWaFizikia
Naomba nilete namba, maana ubishi bila namba hauishi.

Mwaka 2007, kabla ya Sky, kabla hajajulikana, Froome alipimwa kwenye kituo cha UCI, chama cha baiskeli cha dunia, pale Aigle, Uswisi. Uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulikuwa mililita 80.2 kwa kila kilo kwa dakika, na uzito kilo 75.6. Mwaka 2015, baada ya kushinda Tour ya pili, akapimwa tena London: mililita 84.6, uzito kilo 69.9.

Sasa zidisha. 80.2 mara 75.6 ni kama lita 6.06 za oksijeni kwa dakika. 84.6 mara 69.9 ni kama lita 5.91. Kwa hiyo injini ilikuwepo tangu 2007, na ilikuwa kubwa vilevile. Kilichobadilika ni mzigo. Alipunguza karibu kilo sita, na mlimani kilo sita ni kitu kikubwa mno, kwa sababu pale adui si upepo, ni uzito wako mwenyewe.

Kwangu hii inajibu swali. Kipaji kilikuwepo. Timu ilimfundisha kukitumia.

#9 Mbalizi_Rd
Mwalimu, karatasi ya 2007 ilitolewa na nani? Na yeye mwenyewe na mkewe, baada ya watu kuanza kuuliza maswali. Mimi sisemi ni ya uongo. Nasema mtu anayetuhumiwa hawezi kuwa shahidi wa kwanza kwenye kesi yake.

#10 MwalimuWaFizikia
Kipimo cha pili kilifanywa na maabara ya nje na kikachapishwa hadharani. Vilevile timu ilitoa takwimu za mlima wa La Pierre-Saint-Martin, Tour 2015, ile siku aliyowaacha wote: wastani wa wati 414 kwa dakika kama 41, sawa na wati 5.78 kwa kilo. Ni kubwa, lakini si ya kiumbe wa ajabu. Kuna watu siku hizi wanazipita na hakuna anayepiga kelele.

#11 NjombeBaridi
Kamwene wana nyanda.

Mbona mnazunguka na jibu liko mlangoni kwenu? Huyu kazaliwa Nairobi, 1985, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndio usawa wa Mbeya mjini. Akaanza mazoezi kule Kikuyu kwa David Kinjah, yule mwamba wa rasta aliyekuwa nahodha wa timu ya Kenya, mama yake ndiye alimpeleka. Milima, hewa nyepesi, vijana wakubwa wanamkimbiza na yeye anakataa kuachwa. Mwili wake ulijengwa na mwinuko toka akiwa mtoto. Wazungu wengine wanalipa hela kwenda kulala Teide kule Tenerife wiki tatu wapate kidogo cha hicho alichopewa bure.

Sisi Njombe mjini tunalala karibu sawa na kilele cha Mont Ventoux, ambacho ni mita 1,909. Mtoto wa huku akipewa baiskeli ya maana mtashangaa.

#12 Mbalizi_Rd
Kama ni mwinuko peke yake basi wabeba mkaa wote wa barabara ya Chunya wangekuwa na jezi ya njano. Ile barabara inapita juu ya mita 2,000 na watu wanapanda na magunia mawili kwenye keria.

#13 NjombeBaridi
Na nani kakwambia hawana uwezo? Nani amewahi kuwapima? Siku ukimpata mbeba mkaa wa Chunya ukamvua magunia, ukampa baiskeli ya kilo saba, ndipo uje unikatalie.

#14 DadaWaMufindi
Kuna jambo #11 kaliacha. Froome hakukaa Kenya mpaka mwisho. Akiwa kijana mdogo alipelekwa shule Afrika Kusini, Bloemfontein kwanza halafu Johannesburg. Na Johannesburg nayo iko juu, mita 1,700 na ushee. Kwa hiyo hoja ya mwinuko inazidi nguvu badala ya kupungua.

Ila wenzake waliokua naye mwinuko uleule, chini ya Kinjah yuleyule, hawakufika Ulaya. Yeye alikuwa na pasipoti ya Uingereza, ada ya shule, na kichwa kigumu. Mwaka 2006 aliingia mwenyewe kwenye barua pepe ya kiongozi wa chama cha baiskeli cha Kenya, akajiandikisha, akijifanya ndiye kiongozi huyo, kwenye mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg. Akafika, akaanza mbio za saa, zile za mtu mmoja mmoja kupimwa muda, na sekunde chache tu baada ya kuondoka akamgonga ofisa wa mashindano, wote chini. Akanyanyuka akamaliza. Mtu wa hivyo humzuii.

#15 TukuyuMvua
Kujiandikisha kwa barua pepe ya mwenyekiti! Huyo ana asili ya Tukuyu huyo, achunguzwe vizuri.

#16 Usangu_Mpunga
Mnaongea yote hamjataja kichocho.

Mwisho wa 2010 Froome alipimwa akakutwa na kichocho. Kabla ya hapo watu walikuwa wanashangaa: leo anapanda vizuri, keshokutwa yuko na wa mwisho, hakuna anayejua kwa nini. Sisi wa Mbarali huo ugonjwa tunaujua kwa majina yote. Mtu akishinda kwenye majaruba na mifereji ya mpunga, konokono wako mle, vijidudu vinapenya kwenye ngozi. Haviui haraka. Vinakaa mwilini vinakula damu taratibu, mtu anachoka, anaonekana mvivu. Nina mdogo wangu aliitwa mzembe shuleni mpaka walipokuja kugawa praziquantel, zile dawa wanazompima mtoto urefu kwa fimbo ndipo wajue idadi ya vidonge. Muhula uliofuata alikuwa anakimbia kwenye UMITASHUMTA.

Froome alitibiwa, na Septemba 2011 akatokea Vuelta akawa wa pili kwa sekunde 13 nyuma ya Cobo. Wanaosema "alitokea ghafla, kuna kitu alitumia" hawajawahi kuishi na mtu mwenye kichocho akapona.

#17 Mbalizi_Rd
Pole kwa mdogo wako, na nafurahi alipona. Lakini swali langu liko palepale: kichocho kinamtoa mgonjwa kuwa mzima. Je, kinamtoa mzima wa kawaida kuwa bingwa wa dunia? Na alisema mwenyewe kwamba baada ya 2011 kiliendelea kuonekana kwenye vipimo, akameza tena vidonge. Sasa alishinda akiwa nacho au akiwa hana?

Na tusilirukie hili: Vuelta ya 2017 alikutwa na salbutamol mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Akafungiwa.

#18 DadaWaMufindi
#17 mwisho hapo si kweli. Hakufungiwa hata siku moja.

Salbutamol ni dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, inaruhusiwa mpaka kiwango fulani. Mpaka ni nanogramu 1,000 kwa mililita ya mkojo, sampuli yake ya Septemba 2017 ilisoma kama 2,000. Baada ya kurekebisha kwa sababu ya mkojo mzito, yaani mwili uliopungukiwa maji, ikashuka mpaka 1,429. Habari ilivuja Desemba. Akaendelea kushindana, akashinda Giro 2018 kesi ikiwa juu yake, na tarehe 2 Julai 2018 UCI wakaifunga kesi kwa ushauri wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni. Siku chache baadaye alikuwa kwenye mstari wa kuanzia Tour.

#19 Mbalizi_Rd
Sawa, hakufungiwa. Mwendesha baiskeli mwenzake Diego Ulissi alikutwa na 1,900 mwaka 2014 akala miezi tisa. Tofauti yao ni nini kama si mawakili?

#20 Mkinga_Makete
Pesa hiyo nimeitaja toka #4.

#21 MwalimuWaFizikia
Tofauti inaweza kuwa sheria zenyewe zilivyobadilika katikati. Hata hivyo Froome alitumia wataalamu na muda ambao Ulissi hakuwa nao, hilo linaudhi kweli. Linaonyesha mfumo usio sawa. Halionyeshi kwamba dawa ya pumu inampandisha mtu mlima wa Finestre kwenye Giro.

#22 FundiSpoku
Wakuu, mimi ni fundi, sijui mililita wala nanogramu. Naongelea chuma.

Mwangalieni Froome anavyokaa. Viwiko vimetoka nje, kichwa chini, macho kwenye kile kifaa cha kupimia nguvu, miguu inazunguka haraka kupita wote. Gia yake ya mbele haikuwa duara kamili, ilikuwa ya yai. Pale mguu unapokuwa na nguvu, gia inakuwa kubwa. Pale mguu unapopita sehemu dhaifu juu na chini, gia inapungua. Anayeizoea anapata mzunguko laini hata kwenye mlima mkali. Ventoux 2013 alimwacha mpinzani wake Contador akiwa amekaa kwenye siti. Amekaa! Mwenzake kasimama anahangaika, yeye kaongeza mzunguko wa miguu tu kaondoka.

Huu ni ujuzi wa mtu kuijua baiskeli yake. Huku wabeba ndizi wa Kiwira wanajua hilo. Anayepanda kwa kukanyaga kwa nguvu anakata mnyororo njiani. Anayezungusha miguu haraka na gia nyepesi anafika.

#23 TukuyuMvua
Fundi umenikumbusha ile ya kushuka. 2016, Peyresourde kwenda Luchon, kila mtu anasubiri apande, jamaa kafika kileleni akaongeza mwendo akashuka amekalia bomba la fremu, kifua juu ya usukani, na bado anakanyaga pedeli! Wapinzani wanakunywa maji huku nyuma. Siku chache mbele akachomoka tena na Sagan kwenye tambarare kwenda Montpellier, upepo wa pembeni. Aliyevaa jezi ya njano anashambulia kwenye tambarare, nani aliwahi kuona?

#24 KonaHamsiniNaSaba
#23 umepiga penyewe. Mtu wa "kubebwa" hafanyi vile. Na kukalia bomba kumepigwa marufuku na UCI toka 2021, kwa hiyo msijaribu Mlima Nyoka.

#25 MzeeWaIlula
Wanangu, kukalia bomba nimeona vijana wakishuka Kitonga hivyohivyo katikati ya malori. Acheni kabisa. Lori likipata moto kwenye breki halina pa kukupisha.

#26 NjombeBaridi
Shikamoo mzee. Umenena.

#27 Mbalizi_Rd
Na ile ya Ventoux 2016 alipokimbia kwa miguu bila baiskeli, ilikuwaje hakuondolewa mashindanoni? Sheria inasema mtu afike na baiskeli.

#28 DadaWaMufindi
Kwa sababu alimaliza na baiskeli. Pikipiki ya kamera ilisimama ghafla kwenye msongamano wa mashabiki, Porte akaigonga, Mollema na Froome wakaanguka juu yake. Baiskeli ya Froome ikavunjika, gari la timu liko mbali chini. Akaanza kukimbia na vile viatu vya kunasia kwenye pedeli. Akapewa baiskeli ya msaada, ikawa ndogo na haimkai, mwishowe ikafika ya timu. Waamuzi wakampa yeye na Porte muda uleule wa Mollema, kwa kuwa mazingira ya ajali ile hayakuwa ya kawaida. Hata kilele hawakufika siku ile, upepo ulikuwa mkali wakamalizia Chalet Reynard.

Kwangu mimi pale ndipo nilipompenda. Mtu ana jezi ya njano, ana kila sababu ya kukaa chini kulalamika, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kukimbia.

#29 Usangu_Mpunga
Finestre bado hamjaigusa. Giro 2018, hatua ya 19.

#30 KonaHamsiniNaSaba
Hiyo nilikuwa naitunza.

Colle delle Finestre, kilele mita 2,178, kilomita nane za mwisho ni vumbi na changarawe. Anayetaka picha kamili aje Chimala apande zile kona Hamsini na Saba kwenda Matamba. Mimi nimeipanda ikiwa ya vumbi, na shida ya vumbi mlimani ni hii: ukisimama kwenye pedeli, tairi la nyuma linateleza, ukikaa, gurudumu la mbele linanyanyuka. Unatakiwa ukae katikati, uzungushe, usivute usukani. Kona ikija, ndani ni mwinuko mkali na mchanga umejikusanya, nje kuna njia nzuri zaidi lakini ni ndefu. Kila kona unachagua.

Froome alianza siku ile akiwa nyuma ya Simon Yates, aliyekuwa anaongoza, dakika tatu na sekunde 22. Alikuwa ameanguka Jerusalem kabla hata Giro haijaanza, wiki mbili anachechemea. Sky wakavuta chini ya Finestre mpaka Yates akakatika, na Yates aliishia kupoteza zaidi ya nusu saa. Halafu kwenye vumbi Froome akaondoka peke yake, kilomita 80 kabla ya mstari. Themanini! Tom Dumoulin nyuma akawa anawasubiri wenzake wamsaidie, wenzake hawataki kuvuta. Froome kafika Bardonecchia dakika tatu mbele ya wa pili, akachukua jezi ya waridi ya anayeongoza Giro, akashinda Giro kwa sekunde 46.

#31 Mkinga_Makete
Na Sky walikuwa wamepanga watu barabarani kumpa chakula na maji kila kipande, kwa hesabu ya kila gramu atakayokula. Mpango wa timu huo. Wewe mwenyewe umeandika "Sky wakavuta".

#32 KonaHamsiniNaSaba
Chakula kilikuwepo. Miguu ni ya nani?

#33 Mbalizi_Rd
Na siku ileile watu walioshindana naye walicheka kwa kutoamini. Tusisahau.

#34 FundiSpoku
Ningependa tuzungumze alivyoshuka kiwango baada ya 2019, hapo ndipo kipaji kinapimwa vizuri. Kama injini ni yake, ilienda wapi?

#35 TukuyuMvua
Uzee tu fundi. 2019 alikuwa na miaka 34.

#36 MzeeWaIlula
Nitajibu mimi, maana nina chuma kwenye paja.

Juni 2019 huyu kijana alikuwa anakagua njia ya mbio za saa Ufaransa, kwenye mashindano ya Dauphiné. Akaachia mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukamsukuma, akaingia kwenye ukuta kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko, mbavu, mfupa wa kifua, pingili ya shingo. Damu nyingi ilimwagika.

Mimi paja langu lilivunjwa na pikipiki hapa barabara kuu. Nikawekewa chuma. Mfupa uliunga vizuri, picha zilionyesha hivyo, daktari akaniambia nimepona. Lakini ule mguu haukurudi kuwa mguu niliokuwa nao. Nyama ya paja ilisinyaa nikiwa kitandani, na ilipojaa tena haikujaa sawa na upande wa pili. Nikipanda baiskeli naona goti moja linakwenda wima na lingine linatoka nje kidogo. Mguu mzima unafanya kazi ya miwili, jioni mgongo unauma upande mmoja. Na baridi ya Juni huku kwetu, chuma chenyewe kinaniamsha saa tisa usiku.

Mimi naendesha kwenda shambani. Yule anashindana na watu ambao tofauti yao ni asilimia moja au mbili. Ukimtoa asilimia tano, kwisha habari yake. Uzee haukumfanya kitu. Ni paja.

#37 DadaWaMufindi
Pole sana mzee wetu.

#38 NjombeBaridi
Pole mzee. Na bado alirudi: Vuelta 2020, Tour 2021 akawa wa 133, halafu Julai 2022 Alpe d'Huez akawa wa tatu nyuma ya Tom Pidcock na Louis Meintjes. Kona zote 21, akiwa na miaka 37. Siku ile nilipiga kelele jirani akaja kuuliza kuna nini.

#39 FundiSpoku
Mzee amesema kweli, lakini naongeza langu. Alipohamia timu ya Israel 2021, alibadilisha baiskeli nzima: fremu nyingine, breki za diski ambazo alilalamika wazi kwamba zinasugua na kupata joto. Na baada ya miaka karibu mitatu ndipo akasema kwamba walipopima vizuri, mkao wake ulikuwa tofauti na ule wa zamani kwa sentimita kadhaa. Sentimita, si milimita!

Mimi nikimtengenezea mtu baiskeli, siti nikiishusha kidole kimoja anarudi kesho yake analalamika goti. Sasa mtu mwenye mguu ulioungwa, anakaa sentimita kadhaa siko, miaka mitatu. Hata angekuwa na injini ya Fuso isingetoka Uyole.

#40 Mbalizi_Rd
Bingwa wa Tour nne hajui siti yake iko wapi kwa miaka mitatu? Hapo naona visingizio. Ukweli ni kwamba kule Sky kulikuwa na mtu wa kila kitu, alipotoka akabaki na mwili wake. Hoja ya #4 imeshinda bila yeye kuitetea.

#41 MwalimuWaFizikia
Au dunia nzima ilipanda. Lishe ya kabohaidreti kwa saa imeongezeka sana, matairi, mavazi, kila kitu. Froome wa 2015 na wati zake 5.78 angewekwa kwenye Tour ya leo, Pogačar na Vingegaard wangemuacha. Hakushuka peke yake, waliobaki walimpita.

#42 Usangu_Mpunga
Pogačar naye sasa ana Tour nne: 2020, 2021, 2024 na 2025. Wako sawa na Froome.

#43 TukuyuMvua
Na alichukua ubingwa wa dunia Kigali Septemba 2025, hapa jirani! Mara ya kwanza mashindano yale kufanyika Afrika. Kuna aliyekwenda?

#44 NjombeBaridi
Nilitamani, nauli ikanishinda. Vilima vya Kigali viliwakata watu wengi, wachache sana walimaliza. Mwinuko huo.

#45 Usangu_Mpunga
Kwa hoja ya #1 ya "ukanda wetu", mbona hamumtaji Biniam Girmay? Mweritrea, kazaliwa Asmara, amekulia mita 2,300, hatua tatu za Tour 2024 na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, mpaka mwisho. Hakupitia shule za Johannesburg, na bendera yake hakuibadilisha. Froome aliikimbia leseni ya Kenya 2008.

#46 KonaHamsiniNaSaba
Girmay ni mwana wetu na namheshimu mno, ila ni mtu wa kuchomoka mita za mwisho, hapandi mlima kama Galibier na wakubwa. Ni kazi mbili tofauti.

Kuhusu leseni, angebaki na ya Kenya asingepata msaada wowote wa kumfikisha Olimpiki akiwa tayari. Chama chenyewe ndicho kilimfanya atumie barua pepe ya kuazima.

#47 Mkinga_Makete
Kwa hiyo pesa.

#48 DadaWaMufindi
😂😂 Mkinga haachi.

Mimi nina moja ambayo hakuna aliyeijibu tangu #4. Tour 2012, hatua ya 11, La Toussuire. Bradley Wiggins ana jezi ya njano, Froome ni msaidizi. Kilomita chache kabla ya kilele Froome anachomoka, Wiggins anakatika kabisa, hawezi kumfuata. Redio ikaita, Froome akageuka nyuma, akamsubiri. Akamaliza Tour ile wa pili. Na mwaka mmoja kabla, Vuelta 2011, alimvuta Wiggins milimani siku kadhaa mpaka ilipoonekana wazi kwamba yeye ndiye mwenye nguvu, na akakosa ushindi kwa sekunde 13 zile.

Wanaosema timu ilimbeba wanieleze: 2011 na 2012 nani alikuwa anambeba nani?

#49 Mbalizi_Rd
2012 alilipwa mshahara wa msaidizi, akafanya kazi ya msaidizi. Bila Sky asingekuwepo La Toussuire kabisa.

#50 KonaHamsiniNaSaba
Bila breki ya redio angekuwa na Tour tano, na #2 angekuwa sahihi.

#51 TukuyuMvua
Ndaga fijo mkuu, nilijua nitatetewa tu!

#52 MzeeWaIlula
Agosti 2025 ameanguka tena mazoezini. Mbavu tano, pafu, na pingili ya mgongo. Umri wa miaka 40. Mbishane mnavyotaka kuhusu timu, mimi nataka kujua anaendeleaje huyo kijana, na kama kuna aliyesikia chochote aweke hapa.

#53 FundiSpoku
Mzee, na wewe lete hiyo baiskeli niipime. Goti likitoka nje upande mmoja naweza kukuwekea kipande chini ya pedeli, ulingane.